Umeme wa Pikipiki Kuukuu Unakwenda Wapi?

Mwenye pikipiki ya zamani hupatwa na taabu moja ambayo huwashangaza watu wengi. Jumamosi jioni aliiweka mashine yake bandani, swichi zote zimefungwa, na betri imejaa. Jumatatu asubuhi apiga kiki, injini yaitika mara moja kama ilivyo desturi yake, naye aenda kazini bila ya wasiwasi wo wote. Jioni, jua limekwisha kutua na yeye yungali njiani, afungua taa. Taa ya mbele yatoa wekundu kama kaa linalozimika, taa ya nyuma haionekani kabisa, na honi hailii. Nyuma yake lori laja. Hapo ndipo atambuapo kuwa betri imekwisha, wala hapo si mahali pema pa kulitambua jambo hilo.

Habari hizi zimeandikwa kwa ajili ya wale walio na pikipiki za Kiingereza zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1960 hivi, na ambao wamekwisha nunua betri mbili au tatu bila ya kupata nafuu. Mfano wetu ni BSA ya aina ya M21, mashine nzito, isiyo na mambo ya siri, ambayo karibu kila kitu chake chaweza kufikiwa kwa spana ya kawaida. Nduguye M20, yenye injini ya sentimita za ujazo 496, ilitengenezwa huko Birmingham kwa wingi sana wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, kiasi cha 126,000. M21 yenyewe ina injini ya sentimita za ujazo 591, nayo iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1963. Chama cha wenye magari cha Uingereza, Automobile Association, kiliwapa watu wake wa barabarani M21 zenye sanduku la pembeni, nao walizitumia kuwasaidia waliokwama njiani, mchana na usiku. Biashara ya pikipiki ya kampuni hiyo ilianguka mapema katika miaka ya sabini, kwa hiyo fundi wake hayupo wa kuulizwa, na mwenye mashine hana budi kuwa fundi wa mashine yake.

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini injini iliitika asubuhi ile hali betri ilikuwa tupu. Katika M21 za miaka ya hamsini kuna vyombo viwili vya umeme vilivyofungwa pamoja kwa mkanda wa chuma. Cha chini ni magneto, nacho hujitengenezea cheche ya kuwashia petroli bila ya kuomba msaada wa betri. Cha juu ni dainamo, na kazi yake ni kuijaza betri kwa ajili ya taa na honi tu. Mpangilio huu ulisifiwa sana wakati wake, na kwa haki, kwa maana mtu hakuweza kulala porini kwa sababu ya betri. Walakini una hila yake. Pikipiki ya koili, kama vile Triumph Speed Twin tangu mwaka 1953, betri yake ikiisha hugoma pale pale nyumbani, na mwenyewe akajua. Pikipiki ya magneto haisemi neno mpaka giza liingie.

Sasa na tuifikirie betri kuwa ni mtungi wa maji. Mama akiukuta mtungi mtupu asubuhi, hawezi kujua sababu kwa kuutazama tu. Labda mtungi wenyewe una ufa. Labda mtu amekuja usiku akachota. Labda tena jana haukujazwa, na wote nyumbani walidhani umejazwa. Betri nayo ni vivyo hivyo: ama ni mbovu yenyewe, ama umeme unatoka pasipotakiwa, ama dainamo haileti kitu. Kila moja ya sababu hizi ina kipimo chake, nacho huchukua dakika chache. Mtu anayekimbilia dukani kununua betri mpya kabla ya kupima ni kama mama anayenunua mtungi mpya kila siku huku mchotaji akija kila usiku.

Vifaa vinavyotakiwa si vingi. Pata mita ndogo ya kupimia volti na ampea, ile inayouzwa katika maduka ya vyombo vya umeme, na ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya betri. Pata pia globu ya volti 6 na wati 3 iliyolehemiwa nyaya mbili, msasa laini na utepe wa kufungia nyaya. Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara wala usilete taa ya moto karibu, kwa kuwa betri inapojazwa hutoa hewa iwezayo kulipuka. Kwa sababu hiyo hiyo tunaikataza kabisa desturi ya mafundi wengine ya kugusisha waya juu ya kichwa cha betri ili waone kama cheche itaruka. Cheche hiyo haikuambii kiasi cha umeme, nayo yaweza kukupofusha macho.

Tuanze na mtungi wenyewe. Betri ya volti 6 ina vyumba vitatu, na kila chumba kilichojaa hutoa volti 2.1 hivi, hata jumla yake huwa 6.3 au 6.4. Ijaze kwa chaja mpaka ijae kweli, kisha iondoe katika mashine na uiweke juu ya ubao mahali pakavu. Usiipime papo hapo, maana betri iliyotoka sasa hivi katika chaja hudanganya kwa kuonyesha volti nyingi kuliko ilizo nazo. Ngoja saa 12, pima, na uandike hesabu yake. Ngoja tena siku 3, upime mara ya pili. Ikiwa haikushuka, au imeshuka kidogo sana, betri si mkosaji. Lakini ikiwa imeshuka mpaka volti 6 au chini ya hapo, nayo haikufungwa na waya wo wote, hakuna haja ya kuivunja-vunja pikipiki. Mgonjwa unaye mkononi.

Volti peke yake hazitoshi kuihukumu. Betri iliyokaa tupu kwa miezi huota ukungu mweupe juu ya sahani zake za risasi, na baadaye yaweza kuonyesha volti 6.3 nzuri kabisa huku nguvu ikiwa haimo. Ifunge moja kwa moja na globu ya wati 30 kwa dakika kumi. Ikiwa mwanga wafifia na kuwa mwekundu katika dakika ya kwanza au ya pili, betri hiyo ni ganda tu. Kama betri yako ni ya namna ya vifuniko vya kufunguliwa, pima na asidi yake kwa kipimio cha kuelea. Chumba kilichojaa huonyesha kadiri ya 1.270, na kilicho tupu kadiri ya 1.120. Katika nchi za joto kali betri huweza kutiwa asidi hafifu zaidi, hivyo usitishwe na hesabu ndogo ikiwa vyumba vyote vinalingana. Linganisha chumba na chumba. Viwili vikiwa sawa na cha tatu kiko chini sana, tope la risasi limejaa chini yake na kuziunganisha sahani, wala hakuna dawa.

Joto nalo lina sehemu yake. Betri hupoteza umeme hata ikiwa imelala rafuni, na upotevu huo huongezeka karibu mara mbili kwa kila digrii 10 za joto zinazozidi. Basi betri iliyolala Mombasa yaisha upesi kuliko iliyolala Limuru, hata zikiwa zimenunuliwa siku moja.

Kuna pia ufa wa nje ambao wengi hawaufikirii. Vumbi la barabara likichanganyika na unyevu wa asidi juu ya betri hufanya njia nyembamba ya umeme kutoka kichwa kimoja hadi cha pili. Weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha betri, na wa pili uuburure polepole juu ya kifuniko pasipogusa chuma. Mita ikionyesha volti, hata moja au nusu, uchafu huo unakula betri yako usiku na mchana. Koroga magadi kidogo katika maji, yale yale yanayotiwa katika mboga, usugue kifuniko kwa brashi kuukuu mpaka povu likome, usuuze kwa maji safi na ukaushe. Angalia tu magadi yasiingie ndani ya vyumba, kwa maana huko huiua asidi yenyewe.

Ikiwa betri imeshinda vipimo hivi, irudishe mahali pake tumtafute mchotaji. Funga swichi zote. Fungua waya wa kichwa kile ambacho hakikufungwa na fremu. Weka mita katika kipimo cha ampea 10, ukikumbuka kuhamisha waya wake mwekundu kwenda katika tundu la ampea. Waya mmoja wa mita uguse kichwa cha betri, na wa pili uguse ule waya uliofunguliwa, hata umeme wote utakaotoka upite ndani ya mita. Usithubutu kuziweka nyaya za mita juu ya vichwa vyote viwili vya betri wakati iko katika ampea. Kufanya hivyo ni kuipiga betri shoti, na mita itaungua. Wala usiiwashe injini wakati wa kipimo hiki.

Sasa soma. Katika pikipiki ya namna hii, swichi zikiwa zimefungwa, pasiwe na kitu. Sifuri. Hakuna saa ndani yake, wala redio, wala chombo cho chote chenye haki ya kula usiku. Kinachoonekana kwenye mita kinaibwa. Na ili ujue kama wizi huo watosha kukuletea taabu, fanya hesabu. Betri ya kawaida ya mashine hizi ina ampea-saa 12. Uvujaji wa ampea 3 huimaliza kwa saa 4. Uvujaji wa nusu ampea huimaliza kwa siku moja, na wa sehemu moja ya kumi ya ampea kwa siku 5. Ikiwa mwenye kabla yako amekwisha kutia kidhibiti cha elektroniki mahali pa kile cha zamani, waweza kuona elfu 5 za ampea hivi, yaani 0.005. Hizo zitachukua siku 100 kuimaliza betri, ziache.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa na ameta iliyoko juu ya taa ya mbele. Husema, “Mshale uko katikati, basi hakuna kinachovuja.” Lakini ameta ile imeandikwa 8 upande huu na 8 upande ule, na uvujaji wa sehemu tatu za kumi za ampea hausogezi mshale kuliko unene wake wenyewe. Tena, katika pikipiki nyingi waya wa honi umechukuliwa kabla ya kufika katika ameta, kwa kuwa honi hula umeme mwingi, hata honi ikivuja ameta haina habari. Asiye na mita aweza kuitumia ile globu ya wati 3 mahali pa mita. Ikiwaka sana, uvujaji ni mkubwa. Ikiwaka kwa wekundu, ni wa wastani. Isipowaka usishangilie bado, maana uvujaji mdogo hauna nguvu ya kuiwasha.

Mita ikionyesha umeme, usianze kukata nyaya. Iache ionekane, kisha ng'oa waya mmoja mmoja katika ncha yake huku ukiitazama, ukirudisha kila uliong'oa kabla ya kwenda kwa mwingine. Ukiung'oa ule unaovuja, hesabu itaanguka pale pale. Anza na waya wenye alama A kwenye regyuleta, maana huo ndio njia ya kwenda kwa dainamo, na habari zake ni nyingi, tutazirudia. Kisha honi. Umeme hukaa ndani ya honi saa zote, na kidude cha usukanini hufanya kazi ya kuufungulia njia ya kwenda kwenye fremu tu. Waya wake ukichubuka mahali po pote, umeme hupita humo. Uchubuko ukiwa mkubwa honi hulia yenyewe na kila mtu hujua. Ukiwa mdogo, wa kinyesi cha kutu na maji ya mvua, haisikiki hata kidogo na betri huisha kimya-kimya.

Baada ya honi tazama swichi ya taa ya breki. Mwandishi wa habari hizi alinunua betri mbili katika mwaka mmoja kwa ajili ya swichi hiyo. Matope yalikuwa yamekauka katika kanyagio la breki, nalo halikurudi juu sawasawa, kwa hiyo taa ya breki, ambayo ni ya wati 18, ilibaki ikiwaka kila alipoiegesha mashine. Yeye aliiegesha bandani, mgongo wake ukielekea ukuta, akafunga mlango akaenda kulala. Mtoto aliyekwenda kufungia kuku ndiye aliyeuliza mbona ukuta wa banda ni mwekundu. Wati 18 ukizigawa kwa volti 6 ni ampea 3, nazo tumekwisha kuona zinachofanya kwa saa 4.

Ikiwa bado hujampata, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, taratibu, huku mwenzako akiitazama mita. Hesabu ikipanda na kushuka, nyaya zimebanwa kwenye shingo ya fremu, mahali ambapo zimekunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara kwa miaka zaidi ya sitini. Tazama na chini ya bamba la matope la nyuma, ambapo waya wa taa hupita karibu na gurudumu. Ganda la nguo na mpira la nyaya za zamani hukauka na kumeguka kama gome la mti, na mahali pengine ukilikunja kidogo utaona shaba. Uvujaji unaokuja siku za mvua tu na kutoweka jua likiwaka, kwa kawaida umo ndani ya taa ya nyuma. Wala usisahau kulifungua bakuli la taa ya mbele. Humo ndimo zilimo swichi, na vumbi la miaka likilowa hufanya njia ndogo kati ya ncha na ncha.

Sasa turudi kwenye waya wa A. Ikiwa mita ilianguka sifuri ulipoung'oa huo, mchotaji ni katauti, naye ni mkubwa kuliko wote. Katauti ni mlango ulio katika kisanduku cha regyuleta. Dainamo ikizunguka upesi na kufikia volti 6.3 au 6.7 hivi, sumaku yake huvuta mkono mdogo wa chuma, vidole viwili vya madini hugusana, na umeme huenda kwa betri. Injini ikipunguza mwendo, betri huwa na nguvu kuliko dainamo, na umeme hutaka kurudi nyuma. Hapo sumaku hulegea, springi huuvuta mkono, na mlango hufungwa. Vidole vile vikishikamana kwa kuungua, mlango hubaki wazi. Injini imezimwa, lakini betri yaendelea kusukuma umeme ndani ya dainamo, ikijaribu kuizungusha kama mota. Dainamo haiwezi kuizungusha injini nzima, hivyo umeme wote hugeuka kuwa moto ndani ya nyaya zake. Betri yaweza kuisha kwa muda mfupi sana, na dainamo ikaungua nayo.

Dalili yake ni rahisi kuiona kwa anayeijua. Ukizima injini, tazama ameta kabla ya kushuka. Ikiwa mshale umelala upande wa kutoa ilhali taa zimezimwa, ng'oa waya wa betri mara hiyo hiyo, usingoje kufika nyumbani. Dalili ya pili ni dainamo yenye joto la namna yake, hata baada ya injini kupoa. Ukifungua kifuniko cha regyuleta, betri ikiwa imeng'olewa, utaona kama vidole vya katauti vimeachana au vimeshikana. Vikiwa vimeshikana, viachanishe polepole, upitishe kipande cha msasa laini wa vioo kati yake, kisha ufute kwa kitambaa kilichotiwa spiriti. Msasa wa kusugulia vyuma haufai hapo. Usiguse skrubu za kurekebishia, hata kama zinakuita. Na betri ikiwa imefungwa, usiusukume mkono wa katauti kwa kidole ili ujaribu kama unakwenda. Kwa kufanya hivyo wewe mwenyewe ndiwe utakayeufungua mlango.

Yafaa pia tujiulize kwa nini vidole viliungua. Mara nyingi sababu ni kugeuza vichwa vya betri. Pikipiki nyingi za Kiingereza za miaka ya hamsini zilifungwa kichwa cha + kwenye fremu. Magari na pikipiki za siku hizi ni kinyume, kichwa cha − ndicho kiendacho kwenye fremu, na fundi kijana hufunga hivyo kwa mazoea bila ya kuuliza. Dainamo nayo bado inakumbuka desturi yake ya zamani. Katauti ikifunguka, betri na dainamo hazishindani tena bali zasukuma upande mmoja, na umeme mkubwa mno hupita katika vidole vile. Basi kabla ya kutengeneza cho chote, soma kitabu cha mashine yako, au fuata waya mnene wa fremu ujue umetoka katika kichwa gani tangu mwanzo. Aliyetia kidhibiti cha elektroniki aangalie zaidi, kwa kuwa hicho kikifungwa kinyume hufa papo hapo.

Labda betri ni nzima, na mita imesema sifuri, lakini taa bado zafifia. Basi mtungi haukujazwa. Fungua nyaya zote mbili za dainamo, yaani D na F, uziunganishe ncha hizo mbili za dainamo kwa kipande cha waya, na uweke mita katika volti kati ya hizo na fremu. Washa injini iende polepole, kisha ongeza mwendo kidogo kidogo. Volti zipande upesi bila ya kuruka-ruka. Usiziache zifike 10. Zisipopanda kabisa, tazama brashi za kaboni, kama zimeisha au zimekwama, na komuteta kama imepakwa oili, jambo la kawaida sana katika mashine hizi. Ifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Zikipanda nusu volti tu, tuhumu koili ya sumaku ya nje. Zikipanda volti moja na nusu, tuhumu nyaya za kile kinachozunguka. Kazi ya kuzifunga nyaya hizo upya ni ya fundi wa dainamo. Lakini ikiwa mashine ililala miaka mingi, jaribu kwanza kuikumbusha: nyaya za D na F zikiwa zimefunguliwa, gusa ncha ya F ya dainamo kwa waya uliotoka katika kichwa cha betri kisicho cha fremu, kwa sekunde moja tu, kisha upime tena.

Mwisho, yuko mwizi ambaye mita haitamwonyesha, naye ni mwenye pikipiki. Dainamo ya wati 60, katika mwendo mzuri, hutoa ampea 8 hivi. Taa ya mbele ya wati 30 na ya nyuma ya wati 6 hula ampea 6, na 2 zilizobaki huijaza betri. Mtu akitia mbele globu ya wati 45 ili aone mbali, jumla yafika ampea 8 na nusu, na betri italipa deni hilo kila usiku. Tena katika mwendo wa mjini, kati ya magari na watu, katauti yaweza isifunguke kabisa, na taa zote zikala akiba. Globu za kisasa za LED hula kidogo sana na zaweza kulimaliza jambo hili, ila nunua zile zilizoandikwa kuwa zafaa kwa mashine yenye + kwenye fremu, kwa sababu nyingine zikifungwa humo haziwaki.

Ukiisha kumpata mchotaji na kumfukuza, tia fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, kwa kuwa nyingi za pikipiki hizi zilitoka kiwandani bila ya fyuzi hata moja, na waya uliochubuka ukipiga shoti chini ya tangi la petroli hautakupa nafasi ya kupima. Kisha rudisha mita mahali pale pale, swichi zote zimefungwa, usome tena. Andika tarehe na hesabu katika kadi, uiweke kwenye sanduku la spana, na baada ya juma moja upime mara nyingine. Ikiwa ni sifuri, kaza waya wa betri, paka vichwa vyake grisi nyembamba, na uielekeze taa ukutani uitazame mwanga wake kabla hujatoka nje ya lango.